MAKOVU BAADA YA AJALI: TIBA YAKE NA ADABU ZETU

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo zuri na akaupa mwili wake uwezo wa kujifunga pale unapochanika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao.

Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu tumechagua somo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, lakini limo ndani ya madrasa yetu. Mwenzetu mmoja alipata ajali. Gari la abiria alilopanda, likishuka kutoka huku Kilema kwenda Himo, liliteleza kwenye kona wakati wa masika likaingia mtaroni. Alhamdulillah, hakufa mtu. Yeye alichanwa shavu na kioo, na mkono wake ukaungua kwa maji ya rejeta. Baada ya wiki kadhaa alirudi madrasa. Akahudhuria siku tatu tu, kisha hakuonekana tena.

Ustadhi alipokwenda kwao kuuliza, aliambiwa kwamba mtoto hakuzuiwa na maumivu. Alizuiwa na jina. Tulikuwa tumempa jina kwa sababu ya kovu lake, tukamwita hivyo njiani, uwanjani na hata juu ya mkeka wa kusomea. Waliompa jina hilo ni sisi wenyewe tunaoandika makala hii. Kwa hiyo tunaomba msamaha kwanza, na baada ya hapo tunaleta tuliyojifunza kuhusu makovu: yanatokeaje, yanatibiwaje, na dini yetu inatufunza nini juu ya mwenye kovu.

KOVU NI NINI?

Ngozi inapokatika hadi tabaka lake la ndani, mwili haurudishi ngozi ile ile ya zamani. Unaziba kwa kiraka. Kazi hiyo hupita katika hatua nne:

1. Damu huganda na kuziba mdomo wa jeraha. Hili ni jambo la dakika chache.
2. Kwa siku chache mahali hapo huvimba, huwa pekundu na pa moto. Hapo chembe za damu hupigana na vijidudu na kuondoa uchafu.
3. Kwa muda wa wiki tatu hivi, mwili hutengeneza nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni pamoja na mishipa midogo mipya ya damu, na pengo hujazwa.
4. Kwa miezi mingi baadaye, mara nyingi mwaka mmoja na pengine miwili, nyuzi hizo hupangwa upya. Kovu hulainika, hushuka na kubadilika rangi.

Hata likikomaa, nguvu ya kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya mwanzo. Halina vinyweleo wala tezi za jasho kama ngozi ya kawaida. Basi wazazi wetu wajue mambo mawili. Kwanza, kovu la miezi mitatu bado halijamaliza safari yake, kwa hiyo mtu asikate tamaa mapema. Pili, hakuna dawa ifutayo kovu kabisa. Anayeuza dawa ya namna hiyo gulioni au kwenye simu anauza maneno. Linalowezekana ni kulifanya kovu liwe laini, bapa, lisilowasha na lisilozuia kiungo kufanya kazi.

AINA ZA MAKOVU

Kovu la kawaida ni bapa, na hufifia lenyewe kadiri miezi inavyopita.

Kovu lililonyanyuka huvimba na kuwasha, lakini hubaki ndani ya mipaka ya jeraha lenyewe. Huanza wiki chache baada ya jeraha, na mara nyingi hupungua baada ya muda.

Keloidi huvimba likavuka mipaka ya jeraha na kuingia katika ngozi nzima, mithili ya mzizi unaotambaa. Halipungui lenyewe. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na vijana, na hupenda masikio, kifua, mabega na taya. Pia hurithiwa katika koo. Kama baba au shangazi ana keloidi, mwambieni daktari mapema.

Kovu linalovuta hutokea hasa baada ya kuungua. Ngozi hujikunja ikavuta kiungo: kidole kinashikana na kiganja, kiwiko hakinyooki, au kope haifungi. Hili ndilo la hatari kuliko yote kwa mtoto, kwa sababu yeye anakua na kovu halikui naye.

KAZI HUANZA SIKU YA AJALI

Tuliuliza ni lini mtu aanze kutibu kovu. Jibu tulilopata ni kwamba aanze siku ile ile ya ajali, kwa kulitunza jeraha vizuri. Jeraha lililoingia uchafu, au lililochukua zaidi ya wiki tatu kufunga, huacha kovu baya kuliko lililofunga mapema.

(a) Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka isimame. Kioo kilichozama msikichomoe, atakitoa daktari.

(b) Aliyeungua amwagiwe maji baridi safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama zimepita saa moja au mbili tangu aungue. Barafu isitumike. Huku kwetu wengi huungua miguu kwa bomba la moshi la bodaboda, na kanuni ni hiyo hiyo.

(c) Majivu, samadi, dawa ya meno, mafuta ya gari, unga wa kahawa na majani yaliyotafunwa visipakwe kwenye jeraha. Uchafu wa namna hii unaweza kuleta pepopunda, na pepopunda huua.

(d) Mjeruhiwa apelekwe zahanati au hospitali mapema aoshwe jeraha, ashonwe inapobidi na apewe chanjo ya pepopunda. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hivi, na za sehemu nyingine baada ya wiki moja hadi mbili. Anayechelewa kuzitoa huongezewa alama na nyuzi zenyewe.

(e) Kigaga kisibanduliwe. Jeraha lifunikwe kwa bandeji safi na liwe na unyevu kidogo, maana jeraha lililokauka likapasukapasuka hupona polepole.

(f) Mgonjwa ale vizuri. Maharage, mayai, maziwa, dagaa, parachichi, mboga na matunda vyote vinapatikana kwenye vihamba vyetu au sokoni. Mwili haujengi kolajeni bila ya protini na vitamini C.

Wazazi wahifadhi pia fomu ya polisi (PF3) na karatasi zote za hospitali. Zitahitajika kwa daktari wa rufaa, na pia katika kudai fidia ya bima ya gari.

TIBA YA KOVU LENYEWE

Jeraha likishafunga kabisa, pasiwe na mahali penye maji wala kigaga, ndipo zifuatazo huanza:

Kusugua. Pakeni mafuta yasiyo na manukato, kama vile mafuta ya mgando, kisha sugueni kovu kwa ncha ya kidole kwa kukandamiza polepole, mara mbili au tatu kwa siku, dakika kama kumi kila mara. Tiba hii haina gharama. Linalotakiwa ni subira ya miezi.

Kukinga jua. Kovu changa likichomwa na jua huwa jeusi kuliko ngozi iliyo pembeni yake. Kofia, mtandio na mikono mirefu vinatosha kwa wengi wetu. Huku mlimani tusidanganyike na ubaridi na mawingu, kwani jua la milimani ni kali.

Silikoni. Kuna karatasi laini na jeli za silikoni zinazowekwa juu ya kovu kwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa muda wa miezi miwili au mitatu na kuendelea. Hizi husaidia makovu yaliyonyanyuka.

Nguo za kubana. Kwa walioungua sehemu kubwa, hushonwa vazi la kubana kwa kipimo cha mwili, likavaliwa takriban saa 23 kwa siku, kwa miezi sita hadi kumi na miwili.

Mazoezi na banzi. Mkono ulioungua ufungwe ukiwa umenyooshwa kama mtaalamu atakavyoelekeza, na uchezeshwe kila siku. Mtoto atalia, na mama ataona huruma amwache. Lakini kumhurumia hivyo leo ni kumwachia kiungo kilichokakamaa kesho.

Sindano. Keloidi na makovu yaliyonyanyuka huchomwa ndani yake dawa ya jamii ya steroidi, kila baada ya wiki nne hadi sita, na polepole hushuka na kuacha kuwasha.

Upasuaji. Daktari anaweza kulegeza kovu linalovuta au kupandikiza ngozi kutoka pajani. Mara nyingi husubiri mwaka hivi kovu likomae, isipokuwa likizuia jicho kufunga au kiungo kukunjuka. Keloidi likikatwa tu bila ya tiba nyingine kufuata, hurudi kwa zaidi ya nusu ya watu, na pengine likawa kubwa zaidi. Kwa hiyo asiende mtu kulikata kwa mganga wala kwa wembe wa nyumbani.

WAPI TWENDE?

Mwenyezi Mungu ametuneemesha kwa hospitali zilizo karibu. Hapa kwetu ipo Hospitali ya Kilema. Moshi mjini ipo Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya Rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Katika KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho hufundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Arusha kuna nyumba iitwayo The Plaster House, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako watoto hukaa na kuuguzwa kabla na baada ya kufanyiwa upasuaji wa viungo, wakiwemo wenye makovu ya kuungua yanayovuta.

Baadhi ya wazazi huuliza kama inafaa kutibiwa katika hospitali za makanisa. Wanachuoni wamejibu kwamba inajuzu kumwendea tabibu asiye Mwislamu akiwa mjuzi na mwaminifu. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka alimkodi Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia, naye hakuwa Mwislamu. Kama Mtume alimwamini mjuzi wa njia katika safari ya hatari namna ile, basi sisi tusimwache mtoto aharibikiwe mkono kwa kuogopa mlango wa hospitali.

Tusione kwamba mambo haya yako mbali nasi. Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa, wakarejea nchini mwezi Agosti. Mwezi Juni 2025, basi na gari dogo la abiria viligongana na kuwaka moto eneo la Sabasaba, Same, katika mkoa wetu huu, na zaidi ya watu 35 wakapoteza maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na huwajeruhi kati ya milioni 20 na milioni 50. Waliokufa tunawaombea rehema. Waliojeruhiwa tunaishi nao, tunasoma nao, na haki yao iko juu yetu.

DINI INASEMAJE KUHUSU TIBA YA KOVU?

Wapo wanaosema: "Kovu ni kadari ya Mungu, kulitibu ni kubadilisha maumbile." Tuliuliza walimu wetu, wakatufafanulia kama ifuatavyo.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, uso wa Mtume (S.A.W.) ulijeruhiwa na jino lake likavunjika. Sayyidna Ali (R.A.) alileta maji, na Bi Fatima (R.A.) akaosha damu. Alipoona damu inazidi alichoma kipande cha mkeka, akaweka majivu yake juu ya jeraha na damu ikasimama. Tunajifunza kwamba Mtume mwenyewe alitibiwa, na jamaa zake hawakukaa tu wakisema ni kadari. Walitumia kilicho bora walichokuwa nacho. Sisi leo kilicho bora tulicho nacho ni shashi safi na chanjo, na kwa hiyo majivu ya jikoni hatuyapaki.

Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kutoa harufu. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Nasi tunajua kwamba dhahabu imeharamishwa kwa wanaume! Basi ikiwa aliruhusiwa dhahabu ili arudishiwe umbo la uso wake, ni wazi kwamba kuondoa aibu iliyoletwa na ajali si kubadilisha maumbile. Ni kuyarudisha yalivyokuwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Malaysia mwaka 2007, liliamua hivyo hivyo: upasuaji wa kurekebisha athari za ajali na kuungua unajuzu. Uliokatazwa ni ule wa mtu mzima wa afya kugeuza umbo lake kwa kufuata matamanio tu.

Kinachobaki kuwa haramu ni kujidhuru. Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni, zinazouzwa kwa siri kwa ajili ya kufuta makovu, huharibu ngozi, na zebaki huharibu hata figo. Maji ya betri yanaunguza upya mahali palipokwisha pona.

TWAHARA, SWALA NA FUNGA KWA MWENYE JERAHA

Palipofungwa bandeji, mwenye udhu huosha sehemu nzima na kupangusa juu ya bandeji kwa mkono wenye maji. Akihofia madhara, hutayamamu. Asione kwamba huo ni upungufu. Imepokewa kwamba mtu mmoja alipasuka kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ila aoge, akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali kwa kutoa fatwa bila ya elimu, akasema kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza.

Sindano ya kovu na mafuta ya kupaka hayabatilishi funga ya Ramadhani. Baraza hilo la Fiqhi, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, lilizitoa sindano za ngozini na za misuli katika vitu vinavyofunguza. Kwa hiyo asiyakatishe mtu matibabu yake kwa sababu ya mwezi mtukufu.

ADABU ZETU KWA MWENYE KOVU

Hapa ndipo tuliposhindwa sisi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Tulikuwa tumeihifadhi aya hiyo. Tuliisoma asubuhi, na jioni tukamwita mwenzetu kwa kovu lake.

Wageni hututania kwa jina la kwetu, wakiuliza kama watu wote wa Kilema ni vilema. Hatufurahi hata kidogo, ingawa hilo ni jina la mahali tu. Tungejipima kwa hilo tungejua uchungu wa yule anayeitwa kwa jeraha lake mwenyewe. Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Gari liliteleza na yeye akiwemo, na mmoja wetu angeweza kuwa kwenye kiti kile.

Tukumbuke mkono wa Talha bin Ubaydillah (R.A.), uliopooza kwa kumkinga Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud. Masahaba waliuona mkono ule wakakumbuka heshima yake. Kovu la ajali halina hadithi ya vita, lakini lina hadithi ya subira, na Mwislamu aliyepatwa na maumivu akasubiri hufutiwa madhambi yake. Nani basi kati yetu anajua cheo cha mwenye kovu mbele ya Mola wake?

Adabu tulizokubaliana ni hizi: tusimkodolee macho, tusimuulize habari za ajali mpaka aseme mwenyewe, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, tumpe nafasi ya kuadhini, kusoma na kucheza kama zamani, na anayesikia mwenzake akitania amkataze papo hapo.

Tulikwenda kwao, darasa zima, pamoja na Ustadhi. Mama yake alitupokea vizuri kuliko tulivyostahiki. Hatukuwa na maneno mengi. Tulisema tumekosa. Yeye alinyamaza kwa muda, kisha akauliza tumefika aya ya ngapi. Jumamosi iliyofuata alikuja.

Sasa anakwenda kliniki ya ngozi kila mwezi kwa sindano. Kovu la shavu limeshuka, halikuondoka. Vidole vinakunjuka, kwa sababu mama yake hakumhurumia siku za mazoezi. Kabla ya kuiandika makala hii tulimwomba ruhusa, akakubali kwa sharti moja: jina lake lisitajwe, wala lile tulilompa. Tumetimiza sharti lake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti kati ya kovu lililonyanyuka na keloidi.
2. Aliyeungua amwagiwe maji kwa dakika ngapi? Ni vitu gani havifai kupakwa?
3. Kwa nini kovu la miezi mitatu lisikatishe tamaa?
4. Eleza kisa cha Arfaja bin As'ad na hukumu inayopatikana ndani yake.
5. Mwenye bandeji mkononi anatiaje udhu?
6. Je, yupo unayemwita kwa jina lisilomfurahisha? Swali hili usilijibu kwenye daftari. Nenda kwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalinde wasafiri wetu katika barabara za mlima huu, na atujaalie ndimi zisizojeruhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.